Usalama wa Mpakani

Wenzake walimwita Kasuku, naye hakununa, maana kazi ya mkalimani ndiyo hiyo, kurudia ya watu. Miaka mingi alikaa katika kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi wa muungano wa kijeshi, akiwatafsiria majenerali wa nchi wanachama. Alikula kiapo kwamba yanayosemwa humo yanaishia humo.

Lakini mama ni mama. Mwanawe wa pekee alipoingia jeshini, alimng'ang'aniza aombe kupelekwa mpakani. Ndugu zake wakamwona kichaa. Hawakujua alichokijua yeye: adui akivamia, askari wa mpakani ndio wangeondolewa kwanza, wangoje majeshi ya nchi rafiki, kisha ardhi ikombolewe kwa pamoja. Kambi za mjini ndizo zingepigwa mabomu. Kijana akaomba, akapewa, na mama akajiona mjanja kupita wote.

Asubuhi moja jenerali mwenye sauti ya upole, upole wa watu ambao watoto wao wako mbali na mpaka, alieleza mpango mpya. Kurudi nyuma kumefutwa. Mpakani watakaa askari wachache wa kila nchi, na hakuna atakayeondoka. Mjumbe mmoja akauliza wachache hao watazuiaje jeshi zima. Desturi ya kibandani ni mkalimani kusema "mimi" kwa niaba ya mwenye maneno, kwa hiyo jibu likatoka kinywani mwake:

"Sitegemei wazuie. Nimewaweka pale ili wakifa, kila nchi iwe imefiwa, asiwepo wa kujitoa vitani. Adui akilijua hilo, hatathubutu."

Hakukwama hata neno moja. Mwenzake akamsogezea maji akidhani koo limemkauka, kumbe analia.

Akahangaika huku na huku. Likizo zimefungwa, uhamisho umesitishwa, anayetoroka anafungwa. Na angemwomba nani, bila kuulizwa amejuaje?

Jioni mwanawe akapiga simu. Alimsimulia kwa kicheko askari wa nchi nyingine waliofika na mahema mapya, kisha akashusha sauti.

"Mama, wenzangu wanasema tumewekwa hapa kama chambo. Wewe uliniambia mpakani ndiko salama. Bado ni salama?"

Akimwambia kweli, kijana hana pa kwenda. Atabaki palepale, tena akiwa na hofu. Mama akapiga moyo konde.

"Ndiyo, mwanangu. Ni salama."

"Nilijua tu. Ngoja nikawaambie na wenzangu, maana siku hizi hawalali."