Oili Niliyoipeleka Kupimwa

Mama mdogo alinipa mwezi mmoja nimwambie kama injini ya gari yake ni nzima au imekwisha. Ikiwa imekwisha, ataiuza. Ikiwa nzima, itabaki, na mimi nitaendelea kuiendesha. Nilidhani ni swali jepesi.

Gari yenyewe ni ya abiria saba. Aliyenifundisha kuiendesha ni marehemu mume wake, nami ndiye dereva wa gari hiyo tangu wakati huo. Asubuhi nnatoka Mjini na wageni, nnawashusha hotelini Kendwa, nnarudi na wengine. Mwaka huu ilianza kupungua oili. Nikiangalia kijiti cha kupimia Ijumaa hii, oili iko juu. Ijumaa inayofuata iko chini, na sakafuni hapana hata tone. Nilikuwa nnaongeza nnayoipata, Mahonda, Mjini, popote.

Nikaipeleka kwa fundi wetu Mwanakwerekwe. Fundi huyu hana haja ya vyombo. Alichomoa kijiti, akapaka oili kwenye kidole gumba, akaisugua, akainusa, kisha akakigeuza kidole juani.

"Unaona?" akaniuliza.

"Sioni, fundi."

"Hebu tazama vizuri. Inametameta. Hicho ni chuma. Injini inajila yenyewe hii, ringi za pistoni zishakwisha. Tuifungue."

"Lini?"

"Hata leo. Na mpaka hapo tia oili nzito. Hiyo nyepesi unayotia ni ya nchi za baridi, hapa inakuwa maji."

Nilikitazama kidole chake. Kweli kulikuwa na kitu kinachometa. Lakini jua lilikuwa kali, na kidole hicho kilikuwa kimeshika vyuma tangu asubuhi. Sikujua kilichometa ni oili yangu au ni kazi yake ya siku nzima, na sikuweza kumwuliza. Nikamwambia nitamwarifu mwenye gari.

Nyumbani mama mdogo alikuwa anachambua mchele.

"Kuna mtu wa Mkokotoni kashaniuliza gari hii mara mbili," alisema. "Lakini simuuzii mtu kitu chenye kasoro nikamficha ila yake. Hiyo ni haramu, na marehemu hakuuza hivyo. Nenda ukajue ina ila gani."

"Fundi kasema ringi."

"Kaziona?"

"Hajaziona. Kaona kwenye kidole."

"Kidole!" akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Karibu na Darajani kuna duka la spea la mzee mmoja wa Kihindi. Nilikwenda kumwuliza oili nzito na nyepesi ipi bora, nikajikuta nnamweleza kila kitu. Akaniambia kwamba yeye hupeleka oili za majenereta ya mahoteli kupimwa Dar, zinavuka na boti.

"Ni kama damu," alisema. "Daktari hakupasui tumbo kwanza. Anachukua damu, anaangalia. Na oili vilevile. Wanapima mna chuma kiasi gani, shaba kiasi gani, vumbi, maji. Ringi zikiliwa, chuma kinapanda. Niletee chupa moja."

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nikachukua chupa ya maji ya kunywa iliyokwisha. Kwetu chombo kinachotoka ndani kwenda kwa watu huoshwa mara tatu. Bibi yangu hakukubali hata sahani ya futari iende kwa jirani vinginevyo. Kwa hiyo nikaiosha mara tatu uani, nikaikung'uta, nikavuta oili kwa mpira, nikaifunga kwa mfuko wa plastiki. Niliona nimefanya kazi safi.

Karatasi ilikuja baada ya siku tisa, yote kwa Kiingereza. Mimi niliishia darasa la saba, nilichoweza kusoma ni namba. Mzee alivaa miwani, akasoma, akaivua, akanitazama.

"Mwanangu, gari yako imekwenda Kizimkazi kuogelea na pomboo?"

"Hapana, mzee. Inakwenda Kendwa."

"Kwa barabara au kwa bahari?"

Watu wawili waliokuwa dukani wakacheka. Akanieleza kwamba chuma kilikuwa kidogo, na shaba kidogo. Lakini oili ilikuwa na maji, na ilikuwa na chumvi nyingi. Pengine gasketi imekufa, na maji ya rejeta yanapenya kwenye oili.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Fundi kaona chuma. Karatasi haioni chuma, inaona chumvi. Nikamrudia fundi.

"Karatasi hiyo imeiona gari?" akauliza.

"Haijaiona."

"Mimi nimeishika. Lakini haya, tuseme ni maji. Dawa yake nini? Tuifungue!"

Kumbe ikiwa chuma tunaifungua, na ikiwa maji tunaifungua. Usiku sikulala vizuri. Injini ikishafunguliwa haijifungi yenyewe, na huenda ikarudi na kelele ambazo haikuwa nazo. Asubuhi nikaangalia rejeta: imejaa, haijapungua. Nikaangalia oili. Fundi huyohuyo ndiye aliyenifundisha zamani kwamba maji yakiingia, oili inageuka kama chai ya maziwa. Yangu ilikuwa nyeusi tii.

Nikarudi dukani na maneno hayo. Mzee akaitazama tena karatasi.

"Chupa uliipata wapi?"

"Nyumbani. Niliiosha vizuri."

"Nani kakwambia uoshe?"

"Hakuna, mzee. Niliiosha mara tatu."

"Kwa maji gani?"

"Ya kisima."

Sikuhitaji kuelezwa. Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, na kisima cha uani kwetu maji yake yana chumvi. Tunaoshea vyombo, tunafulia, hatunywi. Mzee alicheka mpaka akashika meza. "Umepeleka kisima chenu Dar kupimwa," akasema. Nami nikacheka, lakini masikio yalikuwa yananiwaka.

Alinipa chupa mpya yenye kifuniko, kavu. Akaniambia niipashe injini moto, niizibue chini, niiache oili ya mwanzo ipite, nikinge ya katikati, na nisioshe kitu. Kisha akachukua kalamu.

"Oili hii imetembea kilomita ngapi?"

"Sijui. Nilikuwa nnaongeza."

"Unaongeza aina gani?"

"Nyepesi. Na nyengine ya pipa, ya Mahonda. Na nzito kidogo, kama alivyosema fundi."

"Basi hiyo si oili," alisema, "huo ni urojo, kila kitu kimo ndani."

Karatasi ya pili ilipokuja, maji hayakuwepo, na chumvi haikuwepo. Nilitaka kushukuru. Lakini chuma kilikuwa juu kidogo, na vumbi juu kidogo.

"Ni ringi?" niliuliza.

"Labda. Labda filta ya hewa inapitisha vumbi. Labda oili imekaa muda mrefu tu."

"Mbona mara ya kwanza chuma kilikuwa kidogo?"

"Mara ya kwanza ulipima kisima, mwanangu." Akaikunja karatasi. "Kipimo kimoja hakisemi kitu. Mwaga urojo huo, tia aina moja, ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Andika kilomita. Niletee tena, na tena. Tukiwa na karatasi tatu nzuri ndio tutajua chuma kinapanda au kimekaa."

Lakini mwezi ulikuwa umekwisha. Alhamisi alasiri mtu wa Mkokotoni akaja. Mama mdogo akamtilia chai na mkate wa ufuta, kisha akaniita.

"Naam."

"Mwambie ila ya gari."

Nilisimama na karatasi mbili. Nikamweleza habari ya kidole, ya chumvi, ya kisima, ya chuma kilichopanda kidogo. Nilichukua muda mrefu, na chai yake ilipoa.

"Sasa ila yake ni ipi?" akauliza.

"Sijui."

"Kwa hivyo haina ila?"

"Na hilo pia sijui."

Alicheka, akamgeukia mama mdogo. "Bi, mimi nimeridhika. Nnaichukua hivyohivyo."

"Umeridhika na nini?" akasema mama mdogo. "Mimi mwenyewe sijui nnakuuzia nini. Ningekuwa najua kwamba ni mbovu, ningekwambia ni mbovu, ukaichukua ukijua. Hili siwezi."

"Yaani huuzi mpaka iharibike?"

"Mpaka nijue."

Yule mtu alimaliza mkate, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Mama mdogo akakusanya vikombe. Sikujua nifurahi au niombe radhi. Gari imebaki, na mimi nimebaki nayo, lakini si kwa sababu injini ni nzima. Imebaki kwa sababu sikuweza kujibu.

Siku ya pili nikamwaga oili yote, nikatia ile ya kwenye kitabu, nayo ni nyepesi, nikaandika kilomita kwenye plasta nikaibandika ndani ya mlango. Nilipopita Mwanakwerekwe fundi akachomoa kijiti, akaisugua oili kidoleni, akatikisa kichwa. "Nyepesi! Utanitafuta," akasema.

Jumamosi nilipeleka wageni wawili Kendwa. Walizungumza wao kwa wao njia nzima, nami nilizima redio nisikilize injini. Ililia kama inavyolia siku zote, na sikuweza kukumbuka kama siku zote ililia vizuri.