Dada Alipoondoka, Ng'ombe Alibana Maziwa

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa bado mtoto wa kubebwa, na tangu hapo mgongo nilioujua ulikuwa wa dada. Nyumbani kwetu Mbalibali yeye ndiye aliyekamua. Tulikuwa na ng'ombe mwekundu aliyefiwa na ndama, na ng'ombe aliyefiwa na ndama hubana maziwa. Dada alimbembeleza kwa kuimba. Haukuwa wimbo hasa. Yalikuwa maneno ya Kikurya ya kumsifu, akiyarudia kwa sauti ya chini huku paji la uso wake limeegemea ubavu wa mnyama, mpaka maziwa yashuke.

Siku aliyoolewa sikuwepo. Nilitumwa Nyambureti kwa shangazi kuchukua mbegu za mtama, nikalala huko, na niliporudi nilikuta ng'ombe wa mahari zizini na dada hayupo. Watu wazima walifanya hivyo kwa wema. Walisema nikimwona anaondoka nitalia sana.

Jioni ile baba, ambaye tulimwita tata, alichukua chombo akaenda kukamua mwenyewe. Ng'ombe hakutoa kitu. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Kisha asubuhi moja nilitoka nje nikamkuta tata, mwanamume mrefu ambaye vijana wa kijiji walimwogopa, amejifunga kanga ya dada iliyobaki ndani. Alikuwa ameivuta mpaka kichwani na anaimba, sauti yake nene ikijitahidi kuwa nyembamba. Sikucheka. Ng'ombe alinusa ile kanga, akatulia, maziwa yakashuka kidogo.

Tulipata maziwa kwa siku kadhaa. Halafu harufu ya dada ikaisha kwenye kanga, ikabaki ya tata.

"Amenigundua," aliniambia akiivua. "Anajua mimi siye."

Akaikunja taratibu, kama mtu anayekunja nguo ya kanisani, akaniuliza kama nimekula.

Nilipomaliza sekondari niliomba chuo cha ualimu Tarime. Tata alidhani nimekipenda chuo. Nilichopenda ni kwamba dada aliolewa upande wa Sirari, na toka Tarime hadi Sirari si mbali. Lakini nilipofika nilipata habari kwamba shemeji amepata kazi Kenya, kwenye mashamba ya chai, na amehama na familia yake. Nilikuwa nimesogea, na yeye amesogea zaidi.

Saikolojia tulifundishwa na mwalimu mmoja mama, mwenyeji wa Ruvuma, aliyeletwa huku na serikali. Alitufundisha wale wataalamu mmoja mmoja kana kwamba ni watu wa ukoo wake. Alianza na Mrusi aliyekuwa anachunguza mate ya mbwa. Mbwa wale walilishwa baada ya kusikia mlio, siku baada ya siku, mpaka mlio peke yake ukatosha kuwatoa mate. Nilinyoosha mkono nikasimulia habari za ng'ombe wetu. Nilipofika kwenye kanga, darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka.

"Baadaye alizoea?" aliuliza.

"Alizoea, Madamu. Alipozaa tena."

"Yule Mrusi naye aliona hilo. Mlio ukija mara nyingi bila chakula, mbwa anaacha kutoa mate. Unasema basi, amesahau. Halafu unampumzisha, unaleta mlio tena siku nyingine, na mate yanarudi yenyewe." Akafuta ubao. "Kwa hiyo msiandike kwenye mtihani kwamba amesahau. Andikeni kwamba ameacha."

Wengine waliofuata niliwapokea kwa namna tofauti. Daktari wa Vienna sikumpenda. Alisema tunachokisukuma chini ya fahamu hurudi kwa mlango wa ndoto, na mimi niliota dada karibu kila wiki, tena ndoto za kawaida kabisa, anachambua mchicha, ananiambia nilete chumvi. Sikuona siri yoyote hapo. Mmarekani wa njiwa na panya, aliyesema tabia hujengwa na malipo, alinifaa kwa kufundishia, hakunifaa kwa kitu kingine. Mwenzake aliyepanga mahitaji ya binadamu kama ngazi, chakula chini, upendo juu, nilibishana naye kimoyomoyo. Nyumbani kwetu nilimwona tata akikosa hamu ya ugali kwa ajili ya mtu.

Aliyenishika alikuwa Mswisi, ambaye aliwachunguza watoto wake mwenyewe. Alikuta kwamba ukimfunikia mtoto mchanga kitu kwa kitambaa, kwake kimekwisha, wala hakitafuti. Akikua kidogo, anafunua kitambaa. Sasa anajua kwamba kitu kisichoonekana bado kipo mahali. Wenzangu waliandika hayo kama hatua ya maendeleo ya akili. Mimi niliona ndipo shida ya mtu inapoanzia.

Kisha akaja daktari wa Uingereza, aliyesema mtoto hufungamana na mlezi mmoja na kufungamana huko ni hitaji kama maziwa, si kudeka. Mtaalamu mmoja mwanamke aliyefanya kazi naye alibuni jaribio: mama anamwacha mtoto na mgeni chumbani, anatoka, halafu anarudi. Kinachotazamwa zaidi si kilio cha kuachwa. Ni kile mtoto anachofanya mama akirudi. Mwalimu alipofika hapo alitazama dirishani. Tulijua mwanawe analelewa na bibi yake huko Ruvuma.

Muhula wa mwisho dada alinipigia simu kwamba atafika Sirari Jumamosi. Nilifika kabla ya saa nne. Nilipomwona akija, mtoto mgongoni, nilidhani nitakimbia. Badala yake nilisimama wima nikasema, "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Na mbona unanisalimia kama mgeni wa serikali?" Alicheka. "Kuja hapa, bana."

Hakuwahi kusema hivyo zamani. Kiswahili chake kilikuwa kimehamia Kenya pamoja naye.

Tulikaa kwenye mgahawa. Baada ya chai alitaka kununua sabuni duka la jirani, akaniwekea mtoto mapajani na kutoka. Mtoto alitazama mlango. Midomo ikaanza kutetemeka, akalia, akanisukuma kifuani kwa mikono miwili. Nilimwimbia, hakunitaka. Dada aliporudi, mtoto alinyoosha mikono, akachukuliwa, akaficha uso shingoni mwa mama yake. Kilio kikakatika. Punde alianza kujinyonganyonga ashuke, akaenda kuchezea kizibo cha soda chini ya meza.

Nilikuwa nimeona somo zima, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na nikagundua namwonea wivu mtoto asiyejua hata kutembea sawasawa.

"Unalia nini wewe?" dada aliuliza.

"Umemrudia."

Alielewa. Aliweka ile sabuni mezani. "Nilikatazwa kukuaga. Walisema utalia."

"Nililia."

"Na mimi pia. Njia nzima, mpaka wifi zangu wakaona aibu." Alinishika kichwa akakiweka begani kwake, pale pale mgahawani, mbele ya watu, na mimi ni mwanachuo mzima. Nilikaa hivyo. Alinukia sabuni na moshi wa kuni ambao sikuujua.

Jioni, kabla ya kuvuka mpaka, aliniaga vizuri. Aliniaga kwa Kiswahili, kisha kwa Kikurya, akaenda hatua chache, akarudi kuniaga tena. Nilitegemea kuagwa kungepunguza kitu. Hakukupunguza.

Sasa nafundisha Morotonga. Dada hajavuka tena tangu siku ile. Kila Desemba anasema atakuja, halafu shemeji anakosa ruhusa au mtoto anaumwa. Hunipigia Jumapili baada ya kanisa. Jumapili iliyopita mtandao ulikuwa mbaya, nikasikia kuku, watoto wanagombana, kisha sauti yake ikiuliza kama huku mvua imenyesha. Nilimjibu polepole, nikamweleza mawingu yalivyoanzia, upepo ulivyokuja, mahindi ya nani yamelala na ya nani yamesimama, jibu refu kuliko swali, ili asikate.