Farasi Aliyeletwa Gudele

Baba alikuwa saisi. Aliwatunza farasi katika shamba moja nje ya Nakuru tangu mimi nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni hadi shamba lile lilipouzwa. Farasi wengine walipata wanunuzi upesi. Alibaki jike mmoja wa rangi ya kahawia, aliyeanza kuzeeka, ambaye hakuna aliyemtaka. Mwenye shamba akamwuliza baba kama angependa kumchukua.  Baba alikwenda kwanza kwenye makaburi ya kanisa, alikozikwa mama, akashinda huko. Aliporudi alisema kwamba anarudi nyumbani Juba, na farasi atakwenda naye.

Mimi nilikuwa nimemtangulia kurudi. Nilikuwa nimeshapata kazi ya mapokezi katika hoteli moja mjini, na nyumba mtaa wa Gudele yenye uwanja uliozungushiwa mabati. Aliponipigia simu nilimweleza ukweli: joto la Juba si la mchezo, kiangazi hakuna nyasi za maana, na mtaani kwetu hakuna mtu anayefuga farasi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kivuli cha uwanja huwa upande gani alasiri.

Walikuja kwa lori, wakapita Malaba, wakaikata Uganda mpaka Nimule. Baba hakukaa mbele na dereva; alikaa nyuma na farasi wake. Dereva alitaka kukanyaga mafuta bila kupumzika, lakini baba alimsimamisha mara kwa mara ili amfungue farasi kamba na kumwacha ainamishe kichwa. Farasi akifungwa kichwa juu safari nzima, alinieleza baadaye, mapafu huchafuka. Maji ya njiani farasi aliyakataa kwa sababu ya harufu yake ngeni, mpaka baba alipoyachanganya na molasi. Mpakani walisubiri kibali juani, na baba akalilowesha blanketi lake mwenyewe na kumfunika nalo.

Walipofika nilitoka mbio kumpokea baba, lakini hakuniangalia vizuri. Aliniomba niwasogeze watu kwanza, maana mtaa wote ulikuwa umejaa langoni. Hatukuwa na mahali pa kumshushia farasi, kwa hiyo lori lilirudishwa nyuma hadi kwenye lundo la udongo ambalo jirani alikuwa amemwagiwa kwa ajili ya ujenzi. Farasi akasimama ukingoni akitetemeka miguu. Jasho lilikuwa limemkaukia mbavuni likaacha alama nyeupe. Watu walimpigia miluzi na kumsemesha Kiarabu cha Juba. Baba hakuivuta kamba hata kidogo.

“Haya mama,” alimwambia. “Pole pole. Tumefika.”

Alisema hivyo kwa Kiswahili kile cha shambani, na nadhani ndiyo lugha pekee farasi yule aliyoijua. Akashuka.

Kwa muda mrefu baada ya hapo baba hakuwa na kazi nyingine. Alimpa maji kidogo kidogo. Gunia la nyasi kavu alilotoka nalo Nakuru alilichanganya na nyasi zetu, akizidisha zetu kidogo kila siku, ili tumbo lisishtuke. Alilaza sikio ubavuni mwake kusikiliza kama tumbo linanguruma, na aliichambua samadi yake kwa kijiti. Jirani yetu, mama mmoja kutoka Uganda aliyeuza mboga soko la Konyo Konyo, alituletea majani ya kabichi yaliyobaki. Baba alimshukuru sana, kisha akamwomba radhi: kabichi humjaza farasi gesi, na gesi huua. Mama yule hakukasirika. Siku iliyofuata alileta karoti.

Pamoja na hayo yote, farasi hakutulia. Alizunguka kando ya mabati mpaka akachimba njia kwenye udongo, na kila aliposikia kwato za punda wa wachuuzi wa maji barabarani alilia kwa sauti iliyotoka ndani kabisa. Baba alisema anamtafuta mwenzake, yule farasi dume mzee waliyelala naye banda moja na ambaye sasa yuko kwa watu wengine. Hivyo akapatana na mchuuzi mmoja wa maji, punda wake awe analala uwanjani kwetu. Siku ya kwanza farasi alimnusa punda shingoni akabaki hapo, pua imegusa ngozi, na hakulia tena.

Muda si mrefu, asubuhi moja, baba aliniita nje kwa mkono. Farasi alikuwa amelala chini kabisa, ubavu ardhini, macho ameyafumba. Baba akaninong'oneza kwamba farasi mwenye hofu halali hivyo. Sikuwa nimeuona uso wa baba ukilegea vile tangu msiba wa mama.

Mvua zilipoanza, nzi walikuja. Farasi akaanza kukonda huku anakula. Tumbo na miguu vikavimba, fizi zikapauka. Daktari wa mifugo alisema ni ugonjwa wa damu unaoletwa na nzi wanaouma, kwamba ng'ombe wa huku wameuzoea lakini mnyama mgeni hana kinga. Akamchoma sindano. Farasi alipata nafuu, akala karoti mkononi mwangu, tukafurahi. Kisha akaanguka, na baba akakaa chini ameshika kichwa chake mapajani mpaka pumzi ilipokatika.

Hapo watu wakaja kuulizia nyama. Sikuwalaumu, maisha ni magumu. Baba alikataa kwa upole, mmoja baada ya mwingine, akachukua jembe akaanza kuchimba. Kaburi la farasi ni shimo kubwa na baba ni mzee. Nilipiga simu kazini kuomba ruhusa, nikavua viatu, nikachimba naye. Baadaye mchuuzi wa maji akaja na sepetu, na wale wale waliotaka nyama wakaingia mmoja mmoja bila kuitwa.

Kwetu hakuna matanga ya mnyama. Lakini tulipomaliza kufukia, yule mama wa Uganda alikuja na chupa ya chai, akatandika mkeka kando ya udongo mbichi na kuketi kama anavyoketi mtu kwa wafiwa.

“Mzee, pole,” alisema. “Mimi iko hapa na wewe.”

Baba alishika kikombe bila kunywa. Akaanza kumsimulia habari za mama, ambazo mimi hakuwa amenisimulia kamwe: jinsi mama alivyoshika taa bandani farasi yule alipozaliwa, na jinsi alivyomfuta kwa kanga yake kwa sababu kulikuwa na baridi.

“Nimemwacha kule kaburini peke yake,” alisema. “Watu wake wote tumerudi. Nani atapita pale?”

 Mama wa Uganda alimwongezea chai katika kikombe kilichokuwa bado kimejaa.

Kesho yake nilikwenda kazini. Niliporudi mchana nilimkuta baba amelala usingizi mzito kitandani na nguo zake za kazi. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona amelala mchana. Nilimvua viatu, nikaegesha mlango.