Moto wa Jirani

Asubuhi za kwetu, juu kidogo ya Makambako ukielekea Njombe, ukungu huingia jikoni bila kupiga hodi. Mimi, mtu wa kukaa ndani kwa kipaji, nilikuwa na kazi moja tu ya nje: kuomba moto. Nilichukua kigae, nikavuka ua wa mianzi hadi kwa jirani, mzee aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kijiji akang'olewa kwa tuhuma kwamba aliuza shamba la miti la kijiji. Kama aliuza kweli sijui mpaka leo. Siku hizo nilikuwa nimelala. Alinichagulia makaa mekundu, nikarudi nikiyapuliza, moshi na ukungu vikichanganyika hata nisijue natembea au bado naota.

Kisha dada yangu, ninayeishi kwake, akagombea uenyekiti. Siku ya mkutano wa mwisho, mpambe wa mpinzani wake hakugusa sera. Aliuliza tu ugali wa mama huyu unaivia moto wa nani. Akajibu mwenyewe: anayepikia moto wa mwuza miti, kesho atauza iliyobaki. Watu wote wakageuka kunitazama. Uvivu wangu ulikuwa umeingia kwenye siasa.

Kesho yake nilifunga safari hadi Makambako kununua viberiti. Duka la kijijini wangesema nimekiri. Malori ya Zambia yalipita kwenye ukungu kama nyumba zilizoamua kuhama. Niliporudi, nikaviweka mbele ya dada, bunda zima. Akavisukuma kando.

"Mdogo wangu, msiba wa mama, nani alikesha anakoka moto hapa?"

"Mzee."

"Basi kachukue moto kwake. Na upite njia ya mbele, wakuone."

Nilipita mbele. Waliniona vizuri sana, maana dada alishindwa.

Asubuhi baada ya matokeo nilijifunika blanketi nikisubiri lawama. Haikuja. Nilipochungulia, paa la mzee halikutoa moshi. Alikuwa amekaa mlangoni, kichwa chini, kama aliyeangushwa yeye. Jikoni nikasikia kiberiti kikikwaruzwa. Dada alikoka, akangoja kuni zishike, akajaza kigae makaa na kunikabidhi.

"Mpelekee. Mwambie leo zamu yetu."

Nikavuka ua nikipuliza.