Siliati Mpya wa Mwalimu Mstaafu

Mume wa fundi cherehani mmoja alifundisha sayansi maisha yake yote bila kuipenda. Mapenzi yalikuja baada ya kustaafu. Siku moja alirudi na hadubini ya mtumba, akaitua kwenye meza ya dirishani ambayo mkewe alikuwa akikatia vitambaa. Cherehani ikahamishiwa koridoni, kwenye giza.

Dirisha likajaa machupa ya maji ya bwawa, ya mtaro, hata ya vasi la maua lililosahaulika. Humo, alimweleza mkewe, wanaishi siliati, viumbe wasioonekana kwa macho matupu, wenye vinyweleo vya kuogelea na kujilisha. Mkewe alimsikiliza huku akijisemea moyoni kwamba mwanamume aliyewahi kurudi kutoka chekechea na mtoto wa watu akidhani ni wake, leo eti anatofautisha vinyweleo.

Kwa kweli Mwalimu aliwatambua wawili tu, yule mwenye umbo la soli ya ndala na yule wa kengele juu ya kikonyo. Wengine aliwachagulia majina kitabuni kama mtu anayechagua shati.

Kisha akampata mmoja wa mviringo, wa kijani, ambaye kitabuni hakumwona. Akatangaza kwa dada yake na kwa kinyozi kwamba amegundua aina mpya, na jina lipo tayari: la ukoo wake, lenye mkia wa Kilatini. Mkewe aliukagua ukoo huo mzima kichwani, asipate hata mmoja aliyestahili kupewa mdudu.

Mwalimu akamwita aliyekuwa mwanafunzi wake, sasa mtaalamu wa maabara ya maji. Mgeni aliwaamkia, akaketi. Mwalimu akaweka tone kwenye kioo, akakisukumasukuma, akawa anaeleza huku akigonga meza kwa kidole. Fundi alisimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni.

Mgeni alichungulia, akamwomba mwenyeji aondoe mkono mezani na anyamaze kidogo. Kunyamaza kulimtoa jasho.

"Njoo uangalie sasa, Mwalimu."

Ule mviringo ulikuwa umejinyoosha ukawa tarumbeta.

"Huyu akishtuliwa hujikunja," mgeni alisema kwa upole. "Ni wa kawaida. Yupo hata kwenye jalada la kitabu chako."

Mwalimu akasema huenda marashi ya mgeni ndiyo yaliyombadilisha.

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Kukosea si neno, kila mtu hukosea. Lakini mtu mzima kushindwa kusema "nimekosea" hata mbele ya mdudu! Mgeni alimaliza chai yake kwa adabu, akaaga.

Jioni Mwalimu alimpigia dada yake simu, akamwambia kwamba mtaalamu hakukataa moja kwa moja. Fundi alisikia yote. Akainuka, akabeba machupa kwa mikupuo hadi stoo ya nyuma, kisha akairudisha cherehani dirishani.

"Sasa mimi nitafanyia wapi utafiti, mama watoto?"

"Stoo kuna taa."

"Mwanga wa dirisha ni muhimu."

"Ndiyo maana nauchukua."

Akaenda stoo. Yuko huko mpaka leo, anagundua. Wateja wakisikia kikohozi nyuma ya nyumba na kuuliza ni nani, fundi hujibu, "Mtaalamu," bila kuinua macho kwenye pindo.