Maombi Yangu Yalipotokea kwa Kompyuta ya Maabara

Asubuhi hiyo skrini ya maabara iliandika maombi yangu.

Sikuwa nimekanyaga maabara. Nilikuwa mapokezi, milango mitatu kutoka hapo, na maombi nilikuwa nimeyaandika kwa skrini yangu mwenyewe.

Ndugu zangu, jambo hili nimelibeba tangu mwaka wa 1994. Leo nalitua.

Mimi ni Kavata, mzaliwa wa Ikutha. Shule niliingia nikiwa mama wa watoto wanne. Madarasa ya jioni, daftari kwa mkono mmoja, mtoto kwa ule mwingine. Cheti cha darasa la nane nilikipata nikiwa na miaka thelathini na sita. Nikaongeza kompyuta, jioni pia, pale Makindu.

Kwa hivyo hospitali moja ya misheni iliponiajiri kuwa karani wa mapokezi, nilipiga magoti hapo hapo ofisini. Jina la hospitali nalificha.

Kompyuta ilikuwa moja tu, hospitali nzima. Lakini ilikuwa na programu ya kuisimamia, iliyoigawanya sehemu tatu: mapokezi, maabara na duka la dawa. Kila mtu alikuwa na skrini yake na kibodi yake, akaona kana kwamba ana kompyuta yake peke yake.

Fundi wetu, Evanson Ng'ang'a, kijana wa Thika, alituapia.

"Mama Kiema, wewe wa mapokezi huwezi kugusa kitu cha maabara. Hata ukitaka. Kuna ukuta."

Kila asubuhi programu hiyo iliuliza: jina la anayeingia?

Wenzangu waliandika jina. Mimi niliandika jina, halafu maombi.

Usinicheke. Kwetu hatushiki jembe wala sufuria kabla ya kuomba, na kibodi ndiyo ilikuwa jembe langu. KAVATA BABA BARIKI KAZI. Nabonyeza, naanza. Mashine haikunikataa hata siku moja.

Jumatatu hiyo nikaongeza mistari miwili, kwa sababu mwanangu Kiema alikuwa na mtihani.

Haikupita saa moja, Ndolo wa maabara akatoka mbio.

"Mwaitu, njoo uone! Kompyuta yangu imeokoka!"

Alizoea kuniita mwaitu, yaani mama, ingawa tulikuwa rika moja.

Nikaangalia. Katikati ya orodha ya wagonjwa wake: RIKI MIKONO YANGU NA MTIHANI WA MTO.

"Haya ni majini ama ni walokole?" Ndolo akacheka.

Nilijua ni maneno ya nani.

Nikanyamaza.

Mnajua kwa nini? Nilifikiri Mungu anayachukua maombi yangu na kuyapitisha ukutani. Mimi, niliyejifunza kusoma ukubwani! Nilijiona nimechaguliwa.

Jumanne nikayarudia kwa makusudi. Yakatokea tena.

Ndolo hakucheka safari hii. Aliifuta ile mistari, akaiandika upya kutoka kwa daftari lake, akinung'unika. "Ng'ang'a akuje Alhamisi atoe huyu shetani wake."

Mchana huo akaja Shire, mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini, amembeba mkewe mikononi. Nadifa alikuwa amejifungua njiani na damu ilikuwa haikatiki. Ndolo akampima. Kundi O. Akaandika kwa daftari, akaandika kwa kompyuta.

Jumatano asubuhi niliomba maombi marefu kuliko yote. Niliyamaliza hivi: NADIFA MPONYE USIMWACHE AMINA.

Nikabonyeza.

Saa nne daktari akaagiza damu. Ndolo akasoma skrini. Mistari ya juu ilikuwa imejaa takataka tena, lakini wa Nadifa ulikuwa safi kabisa, kundi mbele, jina nyuma: A, Nadifa Shire.

Dawa ya kulinganisha damu kabla ya kuitoa ilikuwa imeisha tangu jana. Daftari hakulifungua. Akaandika A kwa fomu ya damu.

Damu ikatundikwa.

Dakika chache tu, Sista Wamucii akaona Nadifa anatetemeka, anashika kiuno, anaita mama yake. Akaifunga mara moja.

Shire alisimama mlangoni pa wodi. "Mmemwekea damu gani? Ama ni kwa sababu sisi si wa hapa?"

Ndolo akaitwa, na daftari lake likafunguliwa: O.

Daktari akamgeukia Ndolo. "Ulipima O, ukaandika A?"

"Daktari, haki ya Mungu, niliandika nilichoona."

"Kesho fundi akishaangalia, ufunge vitu vyako."

Nilikimbilia choo cha wafanyakazi nikaomba. Jibu halikuja. Lilikuja swali moja: unangoja nini?

Alhamisi, Ng'ang'a alipofika, niliingia maabara. Daktari alikuwepo. Ndolo alikuwepo. Shire pia.

"Ni mimi," nikasema. Nikaeleza yote.

Ng'ang'a akacheka kidogo. "Haiwezekani, mama." Lakini akarudisha O kwa mstari wa Nadifa, akaniambia, "Nenda uandike kama jana."

Nikaandika neno kwa neno. Nikabonyeza.

"Imegeuka!" sauti ya Ng'ang'a ilitoka maabara. Hakuwa anacheka tena.

Akatueleza kwa aibu. "Hapo pa jina pametengewa herufi thelathini. Aliyetengeneza programu hakuweka kitu cha kuzihesabu. Zikizidi, zinaendelea tu ndani ya kumbukumbu ya mashine, na anayefuata hapo ni maabara. Kama maji ya tuta la juu yakivunja ukingo. Ile A ya mwisho ya Amina imekalia O ya Nadifa."

Amina yangu.

Ndolo akaniangalia. "Jumatatu ulijua ni yako?"

"Nilijua."

Akachukua daftari lake, akatoka. Kazi alirudishiwa siku hiyo hiyo. Lakini hajaniita mwaitu tena mpaka leo.

Nikamgeukia Shire. Nilitarajia kofi.

"Ulimwombea mke wangu kwa jina?"

"Ndiyo."

Aligeuka akaangalia upande wa wodi. Nadifa alikuwa bado na homa, na mkojo wake ulikuwa mweusi.

"Basi usiache. Lakini omba kwa mdomo."

Niliomba kwa mdomo siku tisa, kando ya kitanda. Siku ya kumi Nadifa alitembea hadi langoni na mtoto wake. Mimi nilirudishwa kuandika kwa kalamu, na ilikuwa haki.

Wengi huniambia kosa langu lilikuwa kuomba mahali pasipofaa. Hapana. Kosa langu ni zile siku tatu nilizonyamaza, kwa sababu kitu nisichokielewa kilinifanya nijione mkubwa.

Wewe ukiona ajabu kazini kwako, mwite fundi kwanza. Mungu hataona wivu.