Kipimajoto Nilichokiita Kibovu

Ndugu zangu, juzi nilijiaibisha pale Same mbele za watu. Nilinunua kipimajoto dukani kwa Mzee Jamali, nijionee kama kweli maji huchemka yakifika nyuzi mia, kama kitabu changu kinavyosema. Nyumbani kwetu Mbaga, juu mlimani, yakachemka mvuke ukajaa jiko zima, na mia bado iko mbali. Nikashuka na mke wangu hadi dukani, nikatangaza mbele ya wateja kwamba Jamali ni tapeli na nitamfikisha bomani kwa Bwana Shauri, akashtakiwe.

"Karibu jikoni, mwalimu," Jamali akasema kwa upole, akainjika sufuria. Maji yakachemka. Kipimajoto kilekile kikaipita alama ya nyumbani, kikakaribia kabisa mia.

Kumbe hewa ya huku chini ni nzito, huyabana maji mpaka yapate moto zaidi; kwetu juu ni nyepesi, yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Sufuria ilikuwa imeupima mlima wetu. Kwa furaha ya kugundua hilo, nikasahau hata kuomba radhi.

Mke wangu, ambaye tangu nimuoe namgombeza kwamba maharage hayaivi kwa sababu anabania kuni, akakitazama kile kipimajoto, kisha akanigeukia mbele ya wote.

"Kwa hiyo, Baba Eliamini, sikuwa nabania kuni."